Sushi ya Düsseldorf: samaki hana neno, uliza wali

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nasoma Düsseldorf, Ujerumani. Wenzangu hunialika Immermannstraße, karibu na stesheni kuu, penye migahawa mingi ya Kijapani. Ndugu mmoja ananiambia sushi, yaani wali wa siki na samaki, ni haramu kwa sababu samaki ni mbichi. Mwingine anasema, "Ni samaki tu, kula." Nimfuate yupi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Usimfuate yeyote kati yao, maana wote wawili wanatazama samaki, na shida haiko kwa samaki.

Allah anasema: "Mmehalalishiwa kuvua vitu vya baharini na kula kwake" (Al-Maida: 96). Na Mtume (s.a.w.) alisema juu ya bahari kuwa maji yake ni tohara na mfu wake ni halali. Hapo hapana sharti la kupika. Kwetu Mashafii, kamba, ngisi na pweza wanaliwa pia; ukiwa Hanafi, utabaki na samaki, na kamba wana khitilafu ndani yake. Linalobaki ni madhara, yaani minyoo ya anisakis. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwanza nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, isipokuwa baadhi ya wale wa kufugwa. Kwa hiyo mgahawa unaofuata sheria una salama kuliko wewe kununua samaki sokoni na kumkatakata jikoni kwako.

Sasa njoo kwenye wali. Wali wa sushi hutiwa siki ya mchele, sukari na chumvi. Siki haina neno; Mtume (s.a.w.) aliisifu kuwa ni kitoweo kizuri. Lakini wapishi wengine huongeza mirin, yaani pombe tamu ya mchele ya kupikia, kwenye ile siki, au humwaga sake kidogo kwenye sufuria ya mchele. Sake ni pombe ya mchele, hilo unalijua. Mirin huitwa "kiungo" na watu wakatulia, ilhali mirin ya asili ina kilevi cha asilimia 14 hivi, sawa na mvinyo. Kinacholevya kwa wingi, kichache chake ni haramu, na kwa Mashafii pombe ni najisi, ikiingia katika chakula hukinajisi. Usikubali hoja kwamba moto umeimaliza: mchuzi uliotokota nusu saa hubaki na karibu theluthi ya kilevi chake, na hata kingeisha, najisi haitohariki kwa kuchemka.

Mirin hujificha pia pengine. Lile pako linalong'aa juu ya kipande cha samaki mara nyingi ni sosi ya soya iliyochemshwa na mirin au sake. Sosi nzito ya samaki aina ya mkunga, mayai ya samaki mekundu yaliyorowekwa, na kile kimanda kitamu, vyote vishuku mpaka uulize. Sosi ya soya yenyewe ina kilevi kidogo kilichozalika katika kuchacha. Haikutengenezwa ilevye, na mwenye kutaka kulewa nayo atauawa na chumvi kwanza. Wanazuoni wengi wa leo wanairuhusu. Ila chupa iliyoandikwa "Alkohol", yaani kilevi, kwenye viambato, kilichotiwa ili isiharibike, iache. Zisizo nacho zipo.

Usitegemee menyu. Zile herufi ndogo pembeni ya chakula ni za vizio 14, yaani vitu viletavyo mzio, ambavyo sheria inataka vitajwe: samaki, soya, ngano na kadhalika. Kilevi hakimo. Alama ya chakula cha mboga nayo haikusaidii, kwa kuwa sake hutokana na mchele.

Basi nenda kabla ya msongamano wa saa sita, umuulize mpishi mwenyewe, si mhudumu: "Ist Mirin oder Sake im Reis?" yaani, "Je, kuna mirin au sake kwenye wali?" Mpishi anayepika siki yake atakujibu papo hapo. Pale pa kula-ushibe-kwa-bei-moja mara nyingi sosi huja tayari kwenye madumu na hakuna anayejua kilichomo, pita. Ukikosa jibu, agiza sashimi, yaani samaki bila wali, bila kupakwa kitu, ukaja na sosi yako ya soya. Tempura, yaani vyakula vilivyochovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa, usile kama mafuta yale yale yanakaanga nguruwe, na rameni ya tonkotsu, yaani tambi za Kijapani katika supu, ni supu ya mifupa ya nguruwe hata ukiondoa nyama.

Nyumbani ni rahisi zaidi. Mchele mfupi wa Kijapani gramu 300, ukishaiva uchanganye ungali moto na siki ya mchele mililita 60, sukari vijiko vikubwa viwili, chumvi kijiko kidogo kimoja. Kata kwa mwiko ukipepea, usiponde, utakuwa uji. Nunua siki tupu, si ile iliyokwisha kuungwa kabla hujasoma viambato. Wali ule siku ile ile. Ukiuweka kwenye friji unakuwa mgumu kama kokoto.

Wallahu aalam.