Masizi hayachori midomo

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa miaka saba anazipenda mno katuni za zamani za Tom and Jerry. Juzi baruti ilimlipukia paka usoni. Moshi ulipotawanyika akawa mweusi tii, midomo minene, kichwani visuko vimefungwa utepe. Mtoto alicheka mpaka akagaagaa, mimi nikakosa raha. Shemeji yangu ananicheka, eti ni masizi tu. Je, nakuza mambo?
Mzazi mwenye mashaka

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukuzi kitu. Mwambie shemeji yako airudie hiyo katuni na aisimamishe pale moshi unapoondoka. Baruti ingemchafua paka uso, basi. Tangu lini masizi yakanenepesha midomo, yakasuka nywele na kufunga utepe? Hivyo vimeongezwa na mchoraji, naye aliviongeza akijua kwamba watazamaji wa Marekani wa miaka ya 1940 wanavifahamu vilikotoka.

Vilitoka jukwaani. Tangu miaka ya 1830 waigizaji Wazungu wa huko walijipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa, wakazungushia mdomo rangi nyekundu au nyeupe ili uonekane mpana, kisha wakaimba na kurukaruka wakijifanya watu weusi wajinga, wavivu, wanaofurahia utumwa wao. Mmoja wao, Thomas Rice, alivuma kwa wimbo wa Jim Crow, na jina hilohilo likaja kubandikwa sheria za kuwabagua weusi katika majimbo ya kusini. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865 lakini mchezo ukaendelea. Mwaka 1927 mwimbaji Mzungu Al Jolson bado alijipaka vivyo hivyo katika filamu ya The Jazz Singer. Wachoraji wa katuni waliikuta sura hiyo iko tayari kama muhuri. Ukiigonga tu, ukumbi unacheka. Uvivu wa kisanaa pia huo, ukiniuliza mimi.

Katika katuni hizohizo yumo mtumishi mweusi ambaye mara nyingi tunamwona miguu na slipa tu, uso hatuonyeshwi. Sauti yake ni ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi. Miaka ya 1960 baadhi ya katuni hizo zilichorwa upya kwa ajili ya runinga, akawekwa mwanamke Mzungu mwembamba, na sauti ya Randolph nayo ikaondolewa. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Walimnyima uso, kisha wakamnyima na kazi aliyoifanya.

Sasa mtoto. Usimgombeze, kwani yeye amecheka mlipuko. Mwaka 2014 Amazon, kampuni inayouza video mtandaoni, iliweka onyo kwamba katuni hizo zina ubaguzi uliokuwa wa kawaida zamani, jambo jema, ila mtoto wa miaka saba hasomi maonyo, anabonyeza tu. Kaa naye. Kipande hicho kikifika, simamisha na umuulize, "Hii midomo imetoka wapi, na baruti haina midomo?" Mwache afikiri. Akitaka kujua zaidi, msimulie habari ya kizibo. Watoto wa umri huo wanajua vizuri sana maana ya kuigizwa ili uchekwe. Akikwambia anataka kuendelea kutazama, endeleeni. Na shemeji naye mwite akae hapo hapo, asikie mtoto anavyojibu.