NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) inapima uwezo wa mtoto au Kiingereza chake?

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama mitihani ya taifa inapima uwezo wa mwanafunzi kwa haki. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia sekondari ya kata, na jibu langu linaanzia kidato cha pili, maana ndiko ninakoona mambo yanaharibika.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali kasoma miaka saba kwa Kiswahili na darasa la saba kafanya kwa Kiswahili. Miaka miwili baadaye, kidato cha pili, anawekewa mitihani ya taifa ya Baiolojia, Jiografia na Historia, yote kwa Kiingereza. Kwenye mitihani yetu ya ndani nakuta karatasi ambayo nafasi ya jibu imejazwa swali lenyewe, limenakiliwa neno kwa neno, tena kwa mwandiko mzuri. Huyo si mvivu. Mvivu huacha wazi.

Nilikuwa na kijana wa wafugaji aliyepata sifuri kwenye swali la mmeng'enyo wa chakula. Nikamwita, nikamuuliza kwa Kiswahili kwa nini ng'ombe hucheua. Akanipangia vyumba vyote vinne vya tumbo, majani yanaanzia kipi na yakishacheuliwa yanakwenda kipi, akamalizia kwa kunionyesha ng'ombe aliyevimbiwa hutobolewa wapi: ubavu wa kushoto. Sifuri yake ilibaki palepale, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha hauna pa kuyaweka hayo.

Halafu tusisahau matokeo ya kidato cha nne 2012. Yalipotoka mwaka 2013, wengi walipata daraja la sifuri, nchi ikapiga kelele, ikaundwa tume. Matokeo yakafutwa, madaraja yakapangwa upya kwa utaratibu wa zamani, na ufaulu ukapanda kutoka takriban asilimia 34 hadi 43. Karatasi ni zilezile, watoto ni walewale. Sasa niambieni ni uwezo wa nani uliopanda.

Ila wanaotaka mtihani ufutwe, alama zitoke kwa mwalimu wa darasa, sipo nao. Walimu tunajuana. Alama za upimaji endelevu, zile mwalimu anazotoa mwenyewe shuleni, zinavyopikwa mashuleni kila aliyewahi kushika chaki anajua, na mtoto wa diwani hafeli kirahisi mbele ya mwalimu anayeomba uhamisho. Kwenye kituo cha kusahihishia hakuna jina, kuna namba ya mtihani tu. Kwa mtoto wa maskini hiyo ni kinga kubwa, na sioni mbadala wake.

Ningekuwa na sauti, ningegusa kidato cha pili kwanza: swali liandikwe kwa lugha zote mbili, mtoto ajibu kwa ile anayoiweza, na Kiingereza kipimwe kwenye karatasi yake. Sera ya elimu ya 2014 ilishaandika Kiswahili kitumike ngazi zote, kwa hiyo msiniambie ni wazo geni. Mtasema gharama za uchapaji. Sawa, lakini mtoto anayekariri darasa naye ana gharama, na hiyo analipa mzazi.