Swali na Jibu: Mhusika Anaruka, Harudi Chini

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nasoma kidato cha sita hapa Dodoma. Tangu likizo ya Juni naandika gemu la Nintendo ya zamani kwa asembli (lugha ya amri za prosesa yenyewe), nikilijaribu kwa emuleta, programu inayoiga mashine hiyo, kwenye laptop ya kaka. Nimekwama kwenye kuruka. Fizikia inasema mchapuko wa mvutano ni 9.8, lakini prosesa haina desimali, kwa hiyo nimeanza na kasi ya pikseli -4 kwa fremu, yaani kwa kila picha ya skrini (hasi ni kwenda juu), na kila fremu naongeza robo, nikitanguliza CLC, amri ya kufuta bendera ya C, kabla ya kila ADC, amri ya kujumlisha. Mhusika anapaa, anapotea juu ya skrini, anaibuka chini na kuendelea kupaa. Nimekosea wapi? Nikifaulu, ningependa gemu lichezwe pia kwenye mashine ya mjomba, ambayo ni ya mfumo wa televisheni wa PAL. *Msomaji, Nkuhungu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ile 9.8 haikuhusu hapa, kwa sababu ni ya mita na sekunde, na mashine yako haina mita wala sekunde. Ina pikseli na fremu. Robo pikseli uliyoichagua ni mchapuko mzuri, na kosa lako ni dogo kuliko unavyodhani.

Prosesa ya mashine hiyo, iliyotoka Japani mwaka 1983, ni ya ukoo wa 6502 ya mwaka 1975. Hujumlisha baiti moja kwa wakati mmoja, na haina amri ya kuzidisha. Ndiyo maana kasi tunaihifadhi kwa baiti mbili: moja ya pikseli nzima, nyingine ya sehemu, ambapo pikseli moja ni sehemu 256 na robo yake ni 64, yaani $40 (alama ya $ ni namba za msingi wa 16). Namba hasi huhesabiwa kurudi nyuma kutoka 256, kwa hiyo -4 ni 252, yaani $FC, na kasi ya -4 inakuwa $FC00.

Sasa kumbuka ulivyojumlisha 28 na 15 shule ya msingi: nane na tano ni 13, unaandika 3, na ile moja unaibeba kwenda safu ya makumi. Bendera ya C, alama ya biti moja ndani ya prosesa, ndiyo inayoibeba moja hiyo. CLC yako ya pili inaifuta kabla haijafika, kwa hiyo baiti ya sehemu inazunguka $40, $80, $C0, $00, huku baiti nzima ikibaki $FC daima. Mhusika wako hana mvutano hata kidogo, ndiyo maana anapaa bila kukoma. Andika hivi:

CLC
LDA kasi_sehemu
ADC #$40
STA kasi_sehemu
LDA kasi_nzima
ADC #$00
STA kasi_nzima

CLC ni moja tu, mwanzoni. LDA (kusoma baiti) na STA (kuihifadhi) haziigusi bendera ya C, kwa hiyo ile moja inavuka salama. Kisha jumlisha kasi kwenye mahali pa mhusika kwa utaratibu huo huo, sehemu kwa sehemu na nzima kwa nzima.

Chukua daftari la hesabu lenye miraba, uchore kila fremu katika safu yake. Ukibadilisha kasi kwanza ndipo umsogeze mhusika, atapanda pikseli 30. Ukimsogeza kwanza, atapanda 34. Hakuna iliyo makosa, ila chagua moja na uishike, la sivyo jukwaa ulilolipima leo litamshinda kesho.

Utakapoweka sakafu, utakutana na tatizo jingine. Anayeanguka kutoka juu kabisa ya skrini hufikia kasi ya takriban pikseli 11 kwa fremu, wakati kigae, kipande cha picha kinachojenga sakafu, kina urefu wa pikseli 8, kwa hiyo miguu inaweza kukiruka bila kukigusa. Weka kikomo cha kasi, tuseme 7, lakini kabla ya CMP, amri ya kulinganisha, tanguliza BMI, amri ya kuruka mbele namba ikiwa hasi, ili kasi hasi isipimwe. CMP huiona $FC kama 252, ambayo ni kubwa kuliko 7, na mhusika atakataa kuruka kabisa; kosa hili lilinikalisha usiku mzima. Miguu ikigusa kigae, irudishe kwenye ukingo wa juu kwa AND #%11111000, inayofuta biti tatu za mwisho, ili 187 iwe 184, na ufute kasi pamoja na baiti ya sehemu ya mahali pa mhusika. Sehemu hiyo ikibaki, mtetemo mdogo utaonekana kila anapotua.

Kuhusu mashine ya mjomba, PAL huonyesha fremu 50 kwa sekunde, wakati emuleta yako bila shaka inaendesha takriban 60. Mruko wako wa fremu 31, ambao sasa unachukua kama sekunde 0.52, kwake utachukua 0.62, na gemu litaonekana zito. Zidisha kasi ya kuanzia kwa 1.2 na mchapuko kwa 1.44, kwa sababu muda unaingia mara mbili kwenye mchapuko. Kwa toleo la PAL, basi, badala ya $FC00 andika $FB33, na badala ya $40 andika $5C.