Anko, mbwa mwitu wamenilia mbuzi

SWALI: Anko shikamoo. Mi mfugaji huku Loliondo, juzi kati mbwa mwitu wamenilia mbuzi wanne malishoni mchana kweupe, dogo anayechunga anasema walikuwa kama kumi, wana mabaka na wanalia kama ndege. Jirani ananiambia nitie sumu kwenye mzoga yaishe. Halafu nina mbwa wawili, jike likipandwa na hao si litazaa? Na watoto wetu je, wako salama?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na mbuzi wako. Tuanze na huyo jirani, mwambie aache kabisa. Hao jamaa wanakula pamoja na wakirudi shimoni wanawatapikia watoto nyama, sasa ukitia sumu mzoga mmoja umemaliza ukoo mzima mpaka vitoto, na tumbusi, na mbwa wako mwenyewe akipita hapo, na ukidakwa ni kesi. Afrika nzima wamebaki kama 6,600 tu, zamani hata mabwana nyama wenyewe walikuwa wanawapiga risasi eti wanamaliza swala.

Watoto wasikutie presha, hawa wa porini kumvamia mtu ni kitu hakisikiki, wakiona mtu kasimama anapiga kelele wanasepa. Nadhani jina ndo linawaponza, Biblia yetu imemwita mbwa mwitu yule mnyama mwingine wa ng'ambo, wolf kwa Kizungu, anayesemwa anavaa ngozi ya kondoo, halafu kuna miaka vijana wakabaji wa Dar nao wakaitwa hivyo hivyo, basi huyu wa kwetu kabeba lawama za watu.

Kuhusu jike lako, hapana, hawazaliani kabisa, ni jamii nyingine hata kama wote tunawaita mbwa. Kamata mguu wa mbele wa mbwa wako uangalie, kuna kidole cha tano kimening'inia juu kwa ndani, mbwa mwitu hana hicho, ana vinne tu.

Ila sasa ngoja nikuambie, anayetakiwa kuogopa hapo ni wao kwa mbwa wako! Serengeti mwaka 1990 kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwenye kundi lao, 1991 hifadhini hakuna hata mmoja, wakabaki huko huko kwenu Loliondo, na ndo huko kuanzia 2012 walikochukuliwa wale waliokuwa wanasumbua mifugo wakaenda kuachiwa Serengeti. Kichaa na lile homa la mbwa, distemper, wanayapata sana kwa mbwa wetu wa majumbani wanaozurura, na kichaa hicho hicho mtoto wako akiumwa na mbwa wa nyumbani hakuna kurudi dalili zikishaanza.

Mbuzi sasa. Hawa wanawinda asubuhi na jioni, na usiku mbalamwezi ikiwaka, kuruka boma lenye miba sio kazi yao, ukikuta mbuzi kaliwa ndani usiku mshuku fisi au chui kwanza. Kwahiyo tatizo lako liko malishoni, dogo mmoja peke yake na mbuzi wametawanyika vichakani, mwongezee mtu mzima, mbuzi wakae pamoja, na mkijua shimo lenye watoto liko wapi msilishe upande huo mpaka wahame. Na kamuone bwana mifugo wiki hii, hao mbwa wako wawili wamechanjwa lini mara ya mwisho?