Yohana 6: mwili kweli au mfano?

Ndugu, umeuliza kama Yohana 6, pale Yesu anaposema tule mwili wake, inaongelea ekaristi (meza ya Bwana, mkate na divai) au ni imani tu, aisee hapo hata wanamageuzi wa Kiprotestanti wenyewe walishindwana. Mwaka 1529 kule Marburg, Ujerumani, Luther na Zwingli walikaa mezani, hoja 14 kati ya 15 wakakubaliana, ya 15, ya meza ya Bwana, ikawagomea kwenye swali kama mwili wa Kristo upo kweli kwenye mkate. Zwingli alishika mstari wa 63, "Roho ndiyo itiayo uzima, mwili haufai kitu", kwa hiyo kula ni kuamini basi. Luther yeye alikuwa ameandika kwa chaki mezani "huu ndio mwili wangu", kwa Kilatini, hang'oki hapo. Ila cha ajabu ni kwamba Luther mwenyewe alisema Yohana 6 ni habari ya imani, sio sakramenti, yeye alisimamia maneno ya karamu ya mwisho! Wakatoliki ndo wanaikazia hiyo sura, wanakwambia kuanzia mstari wa 54 neno la Kigiriki la "kula" linabadilika linakuwa kama kutafuna, sasa mfano gani huo unatafunwa. Mi naona mstari wa 35 unasema anayekuja hataona njaa, anza hapo kwanza.