Mama kanyoa kipara, mtoto akauliza nani amekufa

Mama watoto alipogundulika na saratani ya matiti mi nilifanya kosa moja ambalo sitaki we mwenzangu ulirudie, niliwaambia watoto mama ana vidonda vya tumbo. Tunao watatu, binti kidato cha pili, wa kati darasa la tatu, mdogo miaka minne. Nikajiona baba mwenye akili kweli.

Basi kemo ya kwanza, zile dripu za dawa ya saratani, ikapita, kama wiki ya tatu hivi nywele zikaanza kubaki kwenye mto, mwenyewe akasema bora nitoe zote yaishe. Kanyoa asubuhi. Mchana yule wa kati anatoka shule anamkuta mama yake kakaa nje anaota jua, mwezi wa sita huo na mnaijua baridi ya huku Uyole, Mbeya, kichwa kipara na kitenge mabegani, mtoto kasimama na begi lake mgongoni akauliza "nani amekufa?" Maana huku mwanamke akinyoa hivo watu wanajua kuna msiba. Nikamwambia hamna kitu, nenda kale. Usiku akakojoa kitandani, mambo aliyoacha siku nyingi.

Alafu ikaja ishu ya glavu. Nesi alituambia siku mbili tatu za mwanzo baada ya dripu, matapishi na mashuka yaliyochafuka tushike na glavu kwasababu dawa bado inatoka mwilini. Ushauri sahihi kabisa, ufuate. Ila watoto wanamuona shangazi yao kavaa glavu anafua, hakuna aliyewaeleza, wakamaliza wenyewe kwamba mama anaambukiza. Binti akaanza kukificha kikombe cha mdogo wake, na mama yao akaona. Ile jioni sitaki hata kuisimulia.

Ndo nikawaita wote sebuleni, mama yao akiwepo, tukataja ugonjwa kwa jina lake. Saratani, ndo hiyo kansa mnayoisikia, iko kwenye titi, haiambukizi, mkumbatieni, kuleni naye sahani moja, glavu ni kwa ajili ya ile dawa sio kwa ajili ya mama, na dawa ndo inaangusha nywele, zitaota. Yule wa kati kalia sana, kumbe siku zote alikuwa anadhani ni yeye, aliwahi kumpiga mama yake na mpira kifuani. Ungejuaje kama hujakaa nao? Binti akauliza atapona? Sikuahidi. Nilimwambia madaktari wanamtibu, na habari yoyote mpya nyie mtaisikia kwangu kabla ya majirani.

Binti akipewa ukweli anakuwa msaada wa kweli. Nilinunua kipima joto duka la dawa nikamfundisha, ikifika 38 nipigie hata kama niko kazini, hospitali hapohapo, sio kumpa panadol na kusubiri asubuhi, maana kemo inashusha kinga na homa ndogo inaweza kuwa kubwa. Ilitokea mara moja, saa nane usiku, yeye ndo kaniamsha.

Ila hapohapo nikakosea tena. Nikamgeuza binti kuwa ndo mama wa nyumba, apike, afue, amuogeshe mdogo, mpaka mwalimu wake akaniita kuniuliza kulikoni, mtoto analala darasani. Wazee wenzangu, ugali haupikwi na mabinti peke yao.

Matibabu ya mionzi ilibidi mama aende Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road, mara 15, Jumatatu mpaka Ijumaa. Wiki tatu hizo usiwaze kurudi kila wikiendi, kupanda na kushuka mlima Kitonga na mwili umechoka ni mateso, mtafutie ndugu wa kufikia kule. Nyumbani mdogo alikuwa anakata siku kwenye kalenda, na saa moja jioni tunampigia mama simu ya video, sio muda wowote, kwasababu bando likiisha siku moja mtoto anadhani limetokea la kutokea. Mama aliporudi mdogo akaogopa kumkaribia, sijui nani kamwambia mionzi inaunguza watu! Ile ya mashine ya nje haibaki mwilini, akakaa mapajani kama kawaida.

Wageni nao. Wanakuja na sukari na ndizi za Tukuyu, asante sana, ila kuna mama mmoja kakaa kwenye kochi watoto wakiwepo anasimulia dada yake alivyokufa na ugonjwa huohuo. Siku hizi namtoa mtu nje kwa adabu, nasema twende nikakuoneshe mahindi. Na mwenye mafua namwomba arudi akipona. Wakiuliza nisaidie nini nasema mchukue mdogo Jumamosi, au niletee gunia la mkaa.

Kwa sasa mama anaenda kliniki tu kuangaliwa. Jana usiku yule wa kati kauliza, kesho mama anaenda kuangaliwa au kulazwa? Nikamwambia kuangaliwa, wakiona kitu nitakwambia. Akasema sawa, akaomba hela ya daftari.