Mfuko wa chakula wa mtoto umeonekana kifuani

SWALI: Assalam alaykum dokta. Mie niko Wete, mimba ya pili, wiki ya 22. Juzi nimepiga ultrasaundi nkaambiwa mfuko wa chakula wa mtoto uko kifuani ubavuni mwa moyo, na moyo wenyewe umesukumwa kulia, eti ana ngiri ya kiwambo. Mkwe wangu ashikilia kuwa sababu ni zile ndoo za maji nilokuwa nikibeba. Mbona mtoto anacheza vizuri tu? Nnaogopa.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Ndoo hazimo kabisa. Kiwambo, ile nyama inayotenga kifua na tumbo, kinajifunga kwenye wiki ya 8 mpaka ya 10 hivi, wengi hata kliniki hawajaanza, na kikibakisha tundu, mara nyingi kushoto, basi matumbo yanapanda juu. Inampata kama mtoto 1 katika 2,500 mpaka 3,000 na mara nyingi sababu haionekani.

Anacheza kwa sababu humo hapumui kwa mapafu, oksijeni yaja kutoka kwako kupitia kondo la nyuma na kitovu, mapafu yamejaa maji tu. Kazi inaanza kitovu kikishakatwa. Watu wanaliogopa tundu, mie silo linalonitisha, tundu linashonwa, mie nalitazama pafu. Njia za hewa zinagawika kama matawi ya mkarafuu mpaka kwenye wiki ya 16 au 17, ndo baadae vinakuja vifuko vya hewa, sasa pafu likibanwa mapema matawi yanakuwa machache na mishipa ya damu inakuwa minene, mtoto akizaliwa presha ya mapafu iko juu.

Kwahiyo rudi kwa bingwa wa ultrasaundi za mimba apime pafu la upande wa pili kwa kulinganisha na kichwa cha mtoto, halafu aangalie kwa wiki hiyo lilitakiwa liwe kiasi gani. Kwa ngiri ya kushoto, chini ya 25% ya linavyotakiwa ni kali. Muulize na ini, limepanda au limebaki chini? Likipanda mambo mazito zaidi. Na moyo wenyewe autazame, maana baadhi ya watoto hawa wana na kasoro nyengine. MRI, ile mashine ya picha za sumaku, ikipatikana inapima ujazo wa mapafu na haina mionzi.

Utasikia habari za puto. Lipo, linawekwa kwenye koo la hewa la mtoto wiki ya 27 mpaka 29, maji yanazuilika pafu linatanuka, wiki ya 34 linatolewa. Utafiti wa 2021 kwa kesi kali za kushoto, waliotoka hospitali hai walikuwa 40%, wasiowekewa 15%, lakini uchungu nao unawahi. Ni vituo vichache duniani.

La kwako wewe ni pa kuzalia. Panga mapema uvuke, Muhimbili kwa mfano, usingoje uchungu ukukute kwenye boti. Mtoto huyu hapuliziwi hewa kwa maski, itaingia kwenye mfuko wa chakula na kulibana pafu, anawekewa mpira wa koo hapo hapo na mwengine wa puani kwenda tumboni. Operesheni inangoja atulie kwanza, hata siku kadhaa.

Picha zote zibebe. Na mkwe wako nenda nae, akaone mwenyewe kwenye skrini.